Darasani nitumie lugha ya wanafunzi au niipige marufuku?

Swali
Habari zenu walimu. Nafundisha Kifaransa kwa vijana wanaoanza, wote wanaongea Kiswahili. Tumeagizwa kwamba ukishaingia darasani ni Kifaransa tupu. Kwamba wakisikie kwa wingi sina ubishi, maana nje ya kipindi hawakisikii popote. Kinachonisumbua ni sarufi. Juzi ilikuwa jinsi ya nomino, yaani ipi ni ya kiume na ipi ya kike: nikachora, nikaonyesha kwa vidole, wakabaki kunitumbulia macho. Kipindi kikaisha hivyo hivyo. Nyie mnafanyaje?

Jibu la 1
Mimi naunga mkono agizo. Ukishaanza kutafsiri, hawasikilizi tena, wanasubiri tafsiri. Shule za lugha za Berlitz zinafundisha kwa lugha ile ile inayofundishwa pekee tangu 1878, na watu wanajifunza. Vumilia.

Jibu la 2
Mwenzangu wa juu, hilo la kusubiri tafsiri ni kweli kabisa. Ila darasa lenye watu wa lugha tofauti tofauti halina njia nyingine. Hili lina lugha moja, tena yenye ngeli! Andika ubaoni: mti mkubwa, kitabu kikubwa, vitabu vikubwa. Waulize kwa nini kivumishi kinabadilika. Watakujibu, upatanisho wanao tangu utotoni. Chini yake weka *un grand livre, une grande maison* (kitabu kikubwa, nyumba kubwa). Waambie Kifaransa nacho kina makundi, ila ni mawili tu. Dakika chache zinatosha, kisha rudi kwenye Kifaransa na mazoezi.

Kwa maelekezo ya kila siku, sema sentensi kwa Kifaransa, nong'ona maana yake mara moja, irudie kwa Kifaransa. Siku nyingine usinong'one. Mtaalamu wa ufundishaji lugha C. J. Dodson alieleza mbinu ya namna hii mwaka 1967, na mwenzake Mjerumani Wolfgang Butzkamm ameitetea sana. Neno la mwisho sikioni linabaki la Kifaransa, na hakuna anayeachwa gizani. Mtoto anayekaa kimya kwa kuogopa kuuliza, huyo ndiye ananiuma.

Muuliza swali
Asante sana, ya ngeli naijaribu kesho. Na kazi za vikundi je? Nikigeuka tu, Kiswahili mwanzo mwisho.

Jibu la 2
Wapange kwa Kiswahili, hakuna ubaya, hapo wanafikiri. Watakachowasilisha mbele ndicho kiwe Kifaransa. Na wape mapema *comment dit-on* ("tunasemaje") ya kukuulizia maneno, ibandike ukutani.