Loki ya difu ya nyuma kwenye pikapu ya kubebea nazi: je, inafaa kulipiwa zaidi?

Mleta uzi (Kongowea)

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mimi ni mfanyabiashara wa nazi hapa Mombasa, na mara tatu kwa wiki huenda mashambani upande wa Kaloleni na Chonyi kuchukua nazi ambazo wakulima wamekwisha kuzifua, nikazileta sokoni Kongowea. Kwa miaka sita nimekuwa nikikodi pikapu za watu, na sasa nimejaaliwa akiba ya kununua yangu. Nimeonyeshwa Toyota Hilux mbili zilizotumika, zote za dizeli, zote zinaweza kuvuta kwa magurudumu manne, na hali zao hazipishani sana. Tofauti yao ni kwamba moja ina loki, yaani swichi ya kufunga difu ya nyuma (zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), na kwa sababu hiyo muuzaji anaitaka kwa shilingi 150,000 zaidi ya mwenzake.

Lami hainisumbui. Kinachonisumbua ni zile kilomita mbili au tatu za mwisho kuingia shambani. Mwezi wa Mei mwaka jana, masika yalipokolea, pikapu niliyoikodi, ambayo ilikuwa ya kuvuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake, ilikwama mahali njia inapovuka kijito. Gurudumu la kushoto lilining'inia juu ya shimo likizunguka kwa kasi, ilhali la kulia, lililokaa juu ya changarawe ngumu kabisa, halikusogea hata kidogo. Tulipakua nazi 1,300 kwa mikono chini ya mvua, tukaisukuma, kisha tukazipakia upya. Naomba mnieleze: je, loki ingeniokoa siku ile, na je, inafaa kulipiwa fedha zote hizo?

Fundi (Changamwe)

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Ulichokiona kijitoni ndicho kitu hasa ambacho loki ilibuniwa kukitatua, kwa hiyo nitakieleza kwa urefu.

Difu ya kawaida ipo ili gari likate kona bila kuburuta tairi, kwa kuwa gurudumu la nje ya kona husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Gia zake ndogo, tunazoziita planeti, huruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti, lakini hugawa nguvu sawasawa kushoto na kulia. Hapo ndipo penye shida. Tairi lililo topeni likiweza kupokea msukumo wa kilo 40 tu kabla ya kuteleza, basi lile la nchi kavu nalo litapewa kilo 40 hizo hizo, hata kama lina uwezo wa kusukuma kwa kilo 400. Ukiongeza mafuta, lililo hewani litazidi kuzunguka na lililo chini litazidi kutulia. Loki inapofunga, hafushafti mbili, yaani vyuma vinavyotoka kwenye difu kwenda kwa kila gurudumu, huwa kana kwamba ni chuma kimoja, na gurudumu lenye mshiko hupata kila linachoweza kukitumia. Siku ile, kwa maelezo yako, lile la kulia lingekutoa.

Sasa sikiliza upande wa pili. Hilux zote mbili unazotazama huvuta mbele pia, na hilo peke yake lingetosha mara nyingi katika hali kama ile. Litashindwa pale ambapo njia imepindana, yaani gurudumu moja la mbele na moja la nyuma, kwa mshazari, yamepoteza uzito kwa wakati mmoja, jambo linalotokea sana kwenye makorongo na vivuko vya mito. Tazama pia kama ile isiyo na loki ina mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti mtelezo, ambao hufunga breki ya gurudumu linaloteleza ili nguvu iende upande wa pili. Ikiwa nao, tofauti baina ya gari hizo mbili hupungua sana. Ikiwa hainao, ningelipa.

Dereva (Kinango)

Namheshimu fundi na alivyoeleza ni kweli, lakini naomba mnunuzi asidanganyike na swichi. Nimeendesha pikapu njia za Kinango na Samburu kwa muda mrefu, na ninaloliona likiwakwamisha watu mara nyingi si difu, ni tairi. Tairi la kipara, au hata jipya lenye meno madogo ya barabarani, likishajaa udongo wa mfinyanzi huwa kama limepakwa sabuni. Yote mawili ya nyuma yakiwa hivyo, loki itayazungusha yote mawili, nawe utachimba mashimo mawili badala ya moja. Ningetoa sehemu ya hizo 150,000 nikanunua tairi nne zenye meno makubwa, kamba nzuri ya kuvutia na sepeto, ndipo nifikirie mengine.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nami nalihofia kuliko kukwama. Kwenye mteremko wa ubavu uliolowa, difu ya kawaida humwachia dereva gurudumu moja lililotulia, ambalo hulizuia gari lisiserereke. Ukifunga loki ukakanyaga mafuta, yote mawili huteleza pamoja, na sehemu ya nyuma yenye tani nzima ya nazi hushuka upande wa bonde. Nimewahi kuona pikapu ikilala ubavu kwa namna hiyo. Loki hutumiwa gari likiwa limenyooka, polepole, na hufunguliwa mara tu ukishavuka.

Mleta uzi (Kongowea)

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimeuliza, na ile isiyo na loki haina huo mfumo wa kudhibiti mtelezo. Hata hivyo jirani yangu ananishauri niichukue hiyo ya bei nafuu, kisha planeti zichomelewe ili difu iwe imefungwa moja kwa moja. Je, ni ushauri mzuri? Na ile yenye loki, nitajuaje kwamba inafanya kazi kabla sijatoa fedha?

Fundi (Changamwe)

Tafadhali usikubali kuchomelea difu. Gari hilo litapita kila mzunguko wa barabara likiburuta tairi, hafushafti zitakuwa zikisokotwa siku zote, na kwenye lami ya mvua sehemu ya nyuma itataka kwenda moja kwa moja hata ukikata usukani. Hiyo si gari ya kupita nayo Makupa kukiwa na watu.

Kuijaribu loki si vigumu. Simamisha gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, nyanyua ekseli ya nyuma kwa jeki kisha uikalishe juu ya stendi imara, gia kuu ikiwa huru. Weka magurudumu manne kwenye gia ya chini, yaani L4, kwa sababu katika Hilux nyingi swichi haikubali mahali pengine. Zungusha gurudumu moja kwa mkono: loki ikiwa wazi, la pili litazunguka kinyume chake. Kisha bonyeza swichi na umwombe mwenzako aligeuzegeuze gurudumu kidogo ili meno ya ndani yakutane. Taa ya dashibodi itapepesa, na loki ikishaingia itatulia. Kuanzia hapo gurudumu halipaswi kuzunguka tena. Taa ikiendelea kupepesa, au gurudumu likiendelea kuzunguka, hapana loki hapo, bali pana swichi tu. Usishtuke ukiona taa ya ABS, yaani mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande ukifunga breki, ikiwaka wakati huo, kwa kuwa mfumo huo huzimwa loki inapofunga.

Mwenye pikapu (Likoni)

Ninaongeza moja kwa sisi wa pwani. Yangu ina loki ya umeme, na kwa kuwa sikuitumia kwa karibu mwaka mzima, nilipoihitaji ilikataa. Fundi alipofungua mota inayoifunga loki, iliyo juu ya difu, akakuta chumvi imekula viunganishi vya waya, na shafti yake ndogo imeshikana kwa kutu. Napitisha gari kwenye kivuko, maji ya chumvi hurukia chini ya gari, nami sikuwa nikipaosha. Tangu nilipoitengeneza, mara moja kwa mwezi naingia kwenye mchanga mlaini, naifunga, naenda hatua chache, naifungua. Kamwe siifungi kwenye lami, na hata mchangani sizidishi mwendo wa kilomita 8 kwa saa, ambao ndio upeo ulioandikwa kwenye kitabu cha gari.

Mleta uzi (Kongowea)

Ndugu zangu, nimerudi kuwaarifu. Jana nilikwenda na fundi wa mtaani kwetu, tukainyanyua ile yenye loki kama tulivyoelekezwa. Kabla ya kubonyeza swichi, nilizungusha tairi la kushoto na la kulia likarudi kinyume, laini kabisa. Tulipobonyeza, taa ilipepesa na kuendelea kupepesa. Tuligeuzageuza tairi mara nyingi, lakini haikutulia, na gurudumu halikukataa kuzunguka. Fundi aliingia chini akaona waya wa mota umeoza kwa rangi ya kijani penye kiunganishi, kama alivyosema ndugu wa Likoni.

Nilimwonyesha muuzaji, naye mwenyewe akaona. Nimemwambia nitailipia bei sawa na ile nyingine na gharama ya kutengeneza mota iwe juu yangu, ama aitengeneze kwanza, tuinyanyue tena mbele yangu, ndipo tuzungumze juu ya nyongeza. Ameomba muda hadi Jumamosi. Tairi zenye meno makubwa nimekwisha kuziulizia bei, na hizo nitazinunua kwa gari lolote litakalokuwa langu. Fundi wa Changamwe, ukiwa na nafasi Jumamosi asubuhi, nitashukuru kama utanisindikiza, na ujira wako nitaulipa kikamilifu.

Fundi (Changamwe)

Inshallah nitakuja. Mwambie muuzaji asiisafishe ile mota kabla sijaiona, na tukifika tutafungua pia nati ya oili ya difu. Nataka kuona kama oili ni safi au imegeuka rangi ya maziwa, maana ikiwa maji yamekwisha kuingia ndani, hata hizo bei tulizozijadili itabidi tuzianze upya.