Maonyesho ya sarafu Kampala: mnatukataza mizani, halafu mnatuuzia bati

Wakuu, hasira hii nimekaa nayo siku nne nikisubiri ipoe. Haikupoa, kwa hiyo naifungulia uzi.

Jumamosi nilitoka Tororo alfajiri na basi la kwanza kwenda kwenye maonyesho ya sarafu Kampala. Kiingilio shilingi 20,000. Mfukoni nilikuwa na laki tano, akiba ya miezi saba, na nia moja tu: florini ya Afrika Mashariki ya mwaka 1920.

Kwa wasioijua, florini ndiyo pesa iliyoishi muda mfupi kuliko zote katika nchi hizi. Wazee wetu walikuwa wanatumia rupia. Mwaka 1920 rupia ikaondolewa, ikaletwa florini, moja kwa moja. Watu hawajaizoea, mwaka 1921 ikaletwa shilingi, mbili kwa florini moja, na florini zikaanza kukusanywa kurudishwa. Baba wa babu yangu alikuwa mchukuzi wa mizigo, na kwetu husimuliwa hadi leo kwamba alilala na rupia, akaamka na florini, na kabla hajajua itamnunulia chumvi kiasi gani akaambiwa sasa ni shilingi. Ndiyo maana naitaka. Sitaki kuiuza. Nataka kuishika.

Mlangoni mlinzi alipekua mfuko wangu, akatoa mizani yangu ndogo, ile wanayotumia masonara, na sumaku. Akaniambia haviruhusiwi ndani. Nikadhani hajaelewa ni nini. Nikamwambia, "Ssebo (bwana), hii ni ya kupimia sarafu." Akajibu anajua, na ndiyo hasa inayokatazwa, kwa sababu mara iliyopita ilileta ugomvi kwenye meza.

Someni hapo tena. Ilileta ugomvi! Mizani ikileta ugomvi sokoni, mwenye kosa ni mizani au ni aliyeweka bidhaa juu yake?

Nikaingia, kwa kuwa nauli nilishalipa na safari ya Tororo si ya kurudia kila wiki. Kosa hilo ni langu, nalikiri, msinipigie kelele kwa hilo.

Ndani kulikuwa na meza kama kumi na tano, na kila moja inang'aa kama duka la sufuria. Shilingi za Mfalme George wa Tano, zile zenye simba na milima nyuma, zinameta kama zimetoka kiwandani jana. Ndugu zangu, shilingi ile fedha halisi ndani yake ni robo tu. Ikishapita mikono ya watu miaka mia, inakuwa ya kijivu, imefifia, ina giza kwenye mikunjo ya manyoya ya simba. Hiyo ndiyo sura yake. Ukiiona nyeupe pe, imesuguliwa. Iinamishe mkononi uielekeze dirishani, utaona mikwaruzo midogo maelfu inayokwenda upande mmoja, alama ya sufi ya chuma au majivu na ndimu. Nilimuuliza muuzaji mmoja kwa nini amezifanya hivyo. Akaniambia wateja wanapenda kitu safi. Mzee wangu, mteja anayetaka kitu safi akanunue kijiko! Utando ule ulichukua miaka mia kujijenga, wewe umeutoa kwa dakika mbili, na hakuna dawa duniani itakayourudisha.

Palikuwa na shilingi moja ya Uganda ya 1966, yenye korongo taji wetu, sarafu za kwanza kabisa za nchi huru, mwaka uleule Benki ya Uganda ilipofunguliwa. Korongo alikuwa hana tena manyoya kifuani. Amesuguliwa hadi kawa kivuli. Nilitaka kulia, na simaanishi kwa mfano.

Meza ya pili kutoka pale palikuwa na zile sarafu za fedha za kumbukumbu ya ziara ya Papa Paulo wa Sita ya mwaka 1969. Sarafu zile hazikutengenezwa kwa ajili ya kununulia ndizi, zilipigwa chapa kwa kung'arishwa kama kioo, na hushikwa ukingoni tu, kwa vidole viwili, ikiwezekana na glavu. Kijana aliyekuwa mezani alikuwa anakula chipsi. Akaichukua moja, akaona alama ya kidole chake, akaifuta kwa pindo la shati. Pindo la shati! Nyingine zilikuwa kwenye vile vifuko vya plastiki laini ambavyo baada ya muda hutoa ute wa kijani na kuila sarafu polepole. Hilo sitaki hata kulifungua, litanimalizia uzi.

Tuje kwenye uongo wenyewe, maana uchafu na uongo ni vitu viwili.

Kuna muuzaji alikuwa na riale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, anataka laki sita, hoja yake ni kwamba imeandikwa 1780 kwa hiyo ina miaka zaidi ya mia mbili na arobaini. Riale za Maria Theresa zilizopigwa baada ya kufa kwake zote zimeandikwa 1780! Ndio mwaka aliokufa malkia yule. Biashara za Afrika na Uarabuni ziliizoea sura hiyo, basi Austria ikaendelea kuipiga chapa kwa tarehe ileile, na viwanda vya nchi nyingine vikafanya hivyohivyo. Aliyokuwa nayo yaweza kuwa na umri mdogo kuliko mimi. Nilipomweleza, akaniangalia kama mchawi, na mama mmoja aliyekuwa ameshaanza kuhesabu noti akazirudisha kwenye pochi. Nimefurahi kwa ajili yake.

Mwingine alikuwa na senti kumi ya tundu ya 1936 yenye jina la Edward wa Nane, anataka laki tano. Hadithi yake ni ya kweli nusu. Ni kweli mfalme yule alikaa kitini mwaka huohuo mmoja tu akaachia taji, na ni kweli Uingereza kwenyewe sarafu zenye kichwa chake hazikuingia mtaani. Lakini za kwetu ziliingia, kwa sababu sarafu yenye tundu katikati haina nafasi ya kichwa cha mfalme, inahitaji jina tu, na jina likaandikwa. Zikapigwa kwa wingi. Bibi yangu alikuwa anazitunga kwenye uzi wa katani pamoja na za wafalme wengine na kuzifunga kiunoni akienda sokoni, na kwenye uzi huo nilizikuta tatu. Ni sarafu nzuri, ina kisa, kila mkusanyaji awe nayo. Lakini laki tano ni wizi wa mchana.

Sasa florini. Niliipata meza ya mwisho, karibu na mlango wa jikoni. Mfalme amevaa taji, simba yupo, 1920 ipo, na haikusuguliwa, ilikuwa na rangi ya kijivu niliyoiota. Kwenye kikasha palibandikwa karatasi ya waandaaji imeandikwa "imehakikiwa". Nilimwomba muuzaji anipimie yeye mwenyewe, kwa mizani yake, mimi nisiguse. Akasema hana mizani. Muuza sarafu hana mizani! Nilipaswa kugeuka pale pale. Lakini ile karatasi ilinishika, na kusema kweli na mwaka 1920 ulinishika. Nikalipa laki tatu na nusu.

Nyumbani usiku huohuo nikaipima. Florini ya kweli ina gramu 11.66, nusu yake fedha. Yangu ilitoka 9.4. Nikapima mara tano, nikabadilisha betri, nikapima tena. Nikachukua kioo cha kukuzia nikaangalia ukingo: una mshono mwembamba unaozunguka, alama ya kitu kilichomiminwa kwenye kalibu ya vipande viwili. Sarafu ya kweli hugongwa kwa mashine, haina mshono. Ile rangi ya kijivu? Nilifuta kidogo kwa kitambaa chenye maji, kikatoka cheusi kama masizi. Jumatatu sonara wetu hapa mjini akaisugua kwenye jiwe lake, akatia tone la asidi, akanirudishia bila neno. Hakutaka hata kunitoza.

Nikampigia muuzaji. "Kaka, biashara imeisha, ungeangalia pale pale." Pale pale nilipokatazwa kuangalia! Nikawapigia waandaaji. Wao wanasema wanakodisha meza tu, yaliyo juu ya meza hayawahusu. Nikauliza, na ile karatasi ya "imehakikiwa" nani aliibandika? Simu ikakatika, na tangu hapo haipokelewi.

Sitaji jina la mtu wala la kikundi hapa, mods msinifungie uzi. Wanaohusika wanajijua na najua wanasoma.

Ninachotaka ni vitu viwili. Pesa yangu, laki tatu na nusu, pamoja na nauli ikiwa wana haya. Na maonyesho yajayo mlangoni pawekwe mizani moja ya umma mezani, na orodha ya uzito wa sarafu za Afrika Mashariki ibandikwe ukutani. Florini 11.66. Shilingi ya robo fedha 7.78. Karatasi moja tu. Muuzaji mwaminifu itamsaidia, na walikuwepo: mzee mmoja kutoka Mbale alikuwa na kikopo cha sumni (zile za senti hamsini) na senti za tundu, chafu vilevile zilivyotoka kwa wenyewe, bei ya haki, na alinieleza ipi ina kasoro kabla sijauliza. Kwake nilinunua shilingi ya 1948 kwa 10,000, na ndiyo kitu pekee cha kweli nilichorudi nacho Tororo.

Aliyenunua florini meza ile ya karibu na jikoni, pima yako leo, angalia ukingo, uandike hapa chini gramu ngapi. Yangu nitaweka picha za mshono kesho saa nne, jua likiwa upande wa dirisha langu.