Tunaenda Rombo Krismasi na mtoto wa miezi saba, kwa baba mkwe kuna mbwa watatu. Nishaurini

MtuWaTarakea: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, ana miezi saba. Krismasi hii ndiyo mara ya kwanza tunampeleka kwa babu yake Rombo. Mzee ana mbwa watatu pale kihambani, mchana wanafungiwa bandani, usiku wanaachiwa. Mwanangu ameanza kutambaa na chochote akionacho anakifuata. Hapa Mbagala amezoea paka tu. Nawazoeshaje? Au nikae naye mgongoni mpaka tarehe ya kurudi? Usiku sipati usingizi. Matusi sitaki tafadhali.

MekuMstaafu: Binti yangu, achana na mbwa, beba kofia na soksi. Kule juu jua likizama mtoto wa Dar anatetemeka. Halafu mama mkwe akikupikia mtori, kunywa wote. Wangu wa kwanza nilimpandisha mlimani akiwa mdogo kuliko huyo, basi likaharibikia Same, tukalala humo humo. Leo ni baba wa watu.

Kandambili: Mbwa wa Mchagga hang'ati mtoto. Anang'ata anayedaiwa.

BwanaMifugo: Dada, ushauri wa haraka. Tanguliza khanga aliyolalia mtoto, ifungiwe bandani wainuse kabla hamjafika. Mkifika, mbwa abaki amefungwa kamba, mtoto mikononi mwako, mbwa akae mbali na atulie kwanza. Usimwache mtoto na mbwa peke yao hata ukienda kuchukua maji tu, hata kama mbwa ni mpole wa kupindukia. Sasa maswali mawili: wamechanjwa? Na kuna aliyewahi kuuma mtu?

MtuWaTarakea: Asante sana kaka. Khanga nitaituma kwa basi kesho. Mzee anasema walichanjwa, kadi ipo.

BintiMakorora: Pole shoga. Mimi ukweni kilichonitoa mbio ni bata mzinga. Nimevaa vizuri, nimebeba sinia la wageni, kanidaka pindo la dera. Baba mkwe anatazama, hasemi kitu. Mpaka leo wananiita Bi Mzinga.

BwanaMifugo: MtuWaTarakea, swali la pili umeliruka.

MtuWaTarakea: Haya. Kuna jike mmoja alimng'ata mtoto wa wifi yangu mguuni, mwezi wa nane. Lakini jamani alikuwa amezaa, na yule mtoto ndiye aliyeingia kuwashika watoto wake. Mama mkwe aliweka majivu na mafuta ya taa, kidonda kikapona, hospitali hawakwenda. Mbwa mwenyewe yupo mpaka leo. Tiketi tumeshakata, mzee keshatenga mbuzi wa mjukuu. Siwezi kughairi safari kwa ajili ya mbwa, nitaonekana nina dharau.

BwanaMifugo: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Afadhali yupo hai, maana mbwa akishakuwa na kichaa kwenye mate, siku 10 hazipiti hajafa. Yule mtoto aliponea hapo, si kwenye majivu. Mbwa aking'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Sindano ya kwanza siku hiyo, kisha siku ya 3, ya 7 na kuendelea kadiri watakavyokupangia. Vituo vidogo mara nyingi hawana, utatumwa wilayani. Dalili zikishaanza hakuna dawa.
Na mtoto anayetambaa kichwa chake kiko sawa na mdomo wa mbwa. Mkubwa anang'atwa mguu, huyu atang'atwa uso. Siku ya kuchinja huyo mbuzi ndiyo mbaya zaidi: damu, mifupa, mbwa watatu wanagombania, wageni wamejaa. Siku hiyo mtoto akae ndani.

MchaMungu77: Wanawake wa siku hizi mnaogopa mbwa, Mungu hamumwogopi. Bibi zetu walilea watoto kumi na mbwa uani.

BintiMakorora: Na wangapi walizikwa, umeuliza?

Mpekuzi: Ngoja kwanza. Akaunti hii mwezi wa tisa ilifungua uzi inauza Passo. Nanukuu: "Mimi ni kijana wa kiume, sijaoa, nauza kwa sababu ya safari." Leo ana wifi, baba mkwe na mtoto wa miezi saba. Wakuu, hii chai.

Kandambili: Chai ya rangi, tena imepoa.

MekuMstaafu: Hiyo Passo iliuzwa bei gani?

MtuWaTarakea: Akaunti ni ya mume wangu, natumia simu yake. Chai ya nini jamani?

Mpekuzi: Kwa hiyo aliyeandika hajaoa ni mumeo?

MtuWaTarakea: ...

Kandambili: Mbwa tumewaacha wapi?

MtuWaTarakea: Hilo la kutooa nitalimaliza naye nyumbani. Turudi kwenye mtoto.

BwanaMifugo: Iwe chai au isiwe, kuna mwingine anasoma hapa ana safari kama hii. Dada, piga simu, wakusomee tarehe kwenye ile kadi. Chanjo ni ya kila mwaka.

MtuWaTarakea: Nimempigia wifi. Kadi ni ya mbwa aliyekufa. Hawa watatu hawajawahi kuchanjwa. Sisi tunaondoka tarehe 20.

BwanaMifugo: Wachanjwe wiki hii hata hivyo, afisa mifugo wa kata anajua utaratibu. Ila kinga inahitaji kama wiki nne kukaa sawa, Krismasi itawakuta njiani. Kwa hiyo banda lifungwe usiku na mchana muda wote mtakaokuwepo. Kufuli, na ufunguo ukae kwako.

MtuWaTarakea: Mimi ndiye nimwombe baba mkwe ufunguo wa banda la mbwa wake? Mimi?