Kufunga Ziwa Tanganyika: samaki wanamalizwa na nyavu au na joto?

Wakuu,

Tanzania ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, tuliambiwa wavuvi wamezidi na makokoro, zile nyavu za kukokota, yanazoa hadi vifaranga, kwa hiyo ziwa lipumzishwe. Kulipumzisha sipingi. Napinga kumbebesha mvuvi wa Kibirizi, kule Kigoma, lawama zote.

Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470. Ukishashuka mita mia moja na kitu hadi mia mbili, kutegemea sehemu, hewa ya oksijeni imekwisha, na rutuba nyingi imelundikana huko chini. Ni lazima ipande juu ndipo mwani ukue, vidudu vile mwani, dagaa wale vidudu, migebuka wale dagaa. Inapandishwa hasa na upepo wa kusini-mashariki unaovuma Mei hadi Septemba. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yanaelea juu ya yale ya baridi kama mafuta kwenye mchuzi, na upepo unashindwa kuyachanganya. Watafiti walikadiria mwaka 2003 kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kama asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 wengine walichunguza tope la chini ya ziwa na mabaki ya samaki yaliyomo, wakakuta samaki walianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujashika kasi katikati ya karne iliyopita. Hapo mnamlaumu nani?

Mchuuzi wa Dagaa: Mleta mada, joto huwezi kulipiga faini. Kokoro unaweza. Dagaa haishi sana, mwaka na kidogo tu, na anazaa haraka, kwa hiyo ukimwacha miezi mitatu lazima aongezeke. Sisi tunaoanika tunawaona: kuna siku inaletwa ndoo nzima ya dagaa wasiofika urefu wa kidole cha mwisho, na wanunuzi wanagombania. Hilo nalo ni joto?

Mkazi wa Mwambao: Wote mnaongelea kitoweo. Pembeni kwenye mawe kuna samaki waitwao sikilidi, aina zipatazo 250, wengi wao hawapo kwingine kokote duniani. Wapo wanaoishi kwa kukwangua mwani juu ya mawe. Tunakata miti milimani, tunalima hadi kwenye miteremko, mvua inashusha udongo, tope linafunika mawe, mwani unakosa mwanga. Funga ziwa hata mwaka mzima, shamba la mlimani hujaligusa.

Mleta mada: Mkazi, hapo umenena. Mchuuzi, kuzaa haraka kunasaidia pale chakula kilipo. Dagaa wakiongezeka kwenye maji yasiyo na mwani wa kutosha, watakula nini? Halafu sehemu kubwa zaidi ya ziwa iko Kongo, yetu ni kama asilimia 41, na Burundi na Zambia nao wamo. Ombi langu: kila ziwa linapofunguliwa, wizara itangaze joto la maji na kiasi cha mwani pamoja na tani zilizovuliwa. Tukipewa tani peke yake tutabishana hivi hivi kila Agosti.

Mchuuzi wa Dagaa: Vipimo sawa, mkuu. Na mkopo wa injini kwa hiyo miezi mitatu analipa nani?