Marvel Comics namba 1 ya 1939: lebo tuandike jina la nani?

Sakina_Katuni: Habari wadau. Kwenye bunda la vitabu vya mtumba hapa Arusha kumetoka gazeti la katuni la Marekani, Marvel Comics namba 1. Bei ya jaladani ni senti 10, na kuna jamaa anawaka moto. Inaingia kwenye kabati la maonyesho la klabu, na lebo imeshaandikwa "Stan Lee, 1939". Iko sawa? Na nitajuaje kama si ya kurudiwa, yaani iliyochapishwa upya miaka ya baadaye?

Mzee_wa_Pasua: Lebo hiyo itoe, mkuu. Stan Lee, yule mwandishi maarufu wa Marvel, hayumo. Maandishi yake ya kwanza yalichapishwa Captain America Comics namba 3, Mei 1941. Hii ni ya mchapishaji Martin Goodman, aliyenunua kurasa zilizokwisha kuchorwa kutoka Funnies, Inc., kampuni ya Lloyd Jacquet, ndiyo maana ndani ni mchanganyiko.

Jalada ni la Frank R. Paul. Hadithi za ndani: Human Torch, yule anayewaka moto, kurasa 16, ni ya Carl Burgos. The Angel ni ya Paul Gustavson. Sub-Mariner, kurasa 12, ni ya Bill Everett. The Masked Raider, ya farasi na bastola, ni ya Al Anders. Ka-Zar amechorwa na Ben Thompson kutoka hadithi ya gazeti la Goodman la 1936. Jungle Terror ni ya kujazia tu.

Angalizo: majina yanadanganya. Human Torch huyu si Johnny Storm wa kundi la Fantastic Four la 1961. Ni mtu wa kutengenezwa na Profesa Horton, akigusana na oksijeni anawaka. Angel naye si yule wa kundi la mashujaa la X-Men wa 1963, hana hata mabawa.

Njiro77: Nyongeza kwa Everett, maana ndiye mwenye kazi tamu humo. Kurasa 8 za mwanzo zilichorwa kwa ajili ya gazeti jingine, akaongeza 4. Fungua ukurasa wa 8, fremu ya mwisho: utaona kisanduku kitupu. Kilikuwa na maneno ya kuahidi mwendelezo wiki ijayo, yakafutwa, kisanduku kikabaki.

Sakina_Katuni: Kipo kweli! Na zile kurasa 2 za maandishi matupu?

Njiro77: Burning Rubber, ya Ray Gill. Bila maandishi ya namna hiyo gazeti lilikosa nauli nafuu ya posta ya Marekani. Watoto wengi walikuwa wanaziruka.

Mzee_wa_Pasua: Kuhusu umri, chukua rula. Za 1939 zina upana wa karibu sentimita 19.7. Za siku hizi ni karibu 16.8, urefu wote karibu 26. Karatasi ikiwa nyeupe na inang'aa, ni ya kurudiwa. Ya zamani ni ya gazeti, kingo zimekuwa kahawia na zinamomonyoka. Tarehe ya jaladani usiitegemee, anayerudia hunakili hata Oktoba iliyofunikwa kwa doa jeusi ikaandikwa Novemba.

Sakina_Katuni: 16.8, nyeupe pe. Basi ni ya kurudiwa. Jalada limechanika kidogo mgongoni, niweke selotepu?

Mzee_wa_Pasua: Hapana. Gundi yake hugeuka njano na kupenya karatasi. Iache, ingiza kadibodi isiyo na asidi nyuma, kisha mfuko wa plastiki usio wa PVC (aina ya plastiki). Masika ikiingia isikae chini sakafuni, pini zitashika kutu na kutia doa katikati.