Naomba ushauri: niendelee kumwimbia Mungu ukweni au ninyamaze kwanza?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimeolewa kijiji kimoja huku Chamwino. Tangu niokoke, ukweni hapakaliki. Mvua zetu huanza Desemba; zilipochelewa wazee wakafanya tambiko, nikakataa kuonja pombe yake. Basi, uwele kukauka shambani nimetupiwa mimi. Nikifika bombani mawifi wanasogeza ndoo zao, na ugali napakuliwa peke yangu kwenye sahani ya bati.

Mume hanizuii kusali, ila hataki niimbe jioni nikitwanga karanga, eti mama yake anaona namsimanga. Nasoma Matendo 16, Paulo na Sila waliimba gerezani Filipi na wafungwa wakawasikiliza. Sawa, lakini wale hawakuwa na mama mkwe ukuta wa pili! Na 1 Petro 3:15 inataka tujibu kwa upole.

Mliopitia haya mlifanyaje? Niimbe kanisani tu, nyumbani nimtekee mama maji kimyakimya? Kuhama sitaki, na msiniambie niachike. Halafu shemeji yangu mdogo ameanza kuniuliza habari za Yesu kwa siri. Nimjibu sasa, au nimwambie kwanza mume wangu?