Mtoto wangu anaitwa Mashaka na haishi kuumwa. Je, jina linaweza kugusa kadari yake?

MamaUyole:
Assalam alaykum ndugu zangu. Naombeni elimu, hasa kwa mnaoijua dini.

Nina mtoto wa kiume, hajafikisha mwaka. Mimba yake ilinitesa. Nilitokwa damu ikiwa changa, nikalazwa, nikakatazwa kunyanyua hata ndoo ya maji. Alipozaliwa salama, baba mkwe wangu, mzee wa Kyela, alimwadhinia mwenyewe. Siku ya saba mbuzi wakachinjwa, naye akasema, "Huyu ametutia mashaka miezi yote, basi ataitwa Mashaka." Hakuna aliyepinga. Kwao jina ni kumbukumbu ya jambo, na kwenye ukoo wapo akina Tabu na Siwatu waliozeeka wakaona vitukuu.

Sasa tangu baridi ya Juni ianze huku Uyole, kifua cha mtoto hakitulii. Mara ya mwisho alikuwa akivuta pumzi ngozi ya katikati ya mbavu inabonyea ndani, puani anapanuka kama aliyekimbizwa. Tulimkimbiza hospitali usiku, ikaonekana nimonia, akawekewa oksijeni. Alhamdulillah tumeruhusiwa. Lakini pale kila nesi akiita "Mashaka!" benchi zima linanigeukia. Bibi mmoja akaniuliza waziwazi, "Mama, ulimwita hivyo ukitegemea nini?"

Mama yangu mzazi ni Mmoraviani wa Tukuyu, mimi nilisilimu kabla ya ndoa. Yeye anasema jina limemwelemea mtoto, tumwite Lusajo, yaani baraka. Mama mkwe naye anasema, "Rizki yake na siku yake ya kufa vimeandikwa tangu tumboni. Ukibadili jina unashindana na Mungu." Mume wangu yuko katikati, anaogopa kumvunjia heshima baba yake.

Kama yote yameandikwa, jina lina kazi gani? Na nikilibadili, nitakuwa nimeikataa kadari? Jambo hili linaninyima usingizi.

Mpunga_Igurusi:
Wa alaykum salaam dada. Pole sana. Mimi nina mjomba anaitwa Mashaka, analima mpunga huku Usangu, amesomesha watoto wake wote na hata malaria humpata kwa nadra. Jina ni la kuitia tu. Mtoto mfunike vizuri, mrudishe kliniki kwa tarehe uliyopewa, na usigombane na wakwe ukiwa na mgonjwa mkononi.

Maalim_Sokomatola:
Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole kwa kuuguza dada yetu, Allah amkamilishie mtoto afya.

Mama mkwe wako alichotaja kipo. Ni hadithi ya Ibn Mas'ud, wameipokea Bukhari na Muslim, wakusanyaji wakubwa wa hadithi: Malaika hutumwa kwa kiumbe angali tumboni, akaamrishwa kuandika rizki yake, ajali yake (yaani siku yake ya kufa), amali zake, na kama atakuwa mwovu au mwema. Hiyo ni imani yetu na hatuipunguzi. Na jina nalo haliko nje ya elimu ya Allah, maana hakuna kilicho nje yake. Ila kulichagua tumepewa sisi wazazi. Mkichagua vizuri mmefanya ibada, na mkiona mlilochagua halifai, mlango wa kulibadili uko wazi.

Nani aliufungua? Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie. Binti wa Umar alikuwa akiitwa Asiya, kwa maana ya muasi (si Asiya mke wa Firauni, lile kwa Kiarabu ni jina jingine kabisa), Mtume akamwita Jamila. Je, alikuwa akishindana na kadari? Hasha. Yeye ndiye aliyetufundisha kuiamini, kheri yake na shari yake.

Kuna kisa kimoja ningependa mumeo akijue kabla hajazungumza na mzee. Babu yake Said bin al-Musayyab alifika kwa Mtume akaulizwa jina. Akasema, "Hazn," yaani ardhi ngumu. Mtume akamwambia, "Bali wewe ni Sahl," yaani wepesi. Akajibu, "Sibadili jina alilonipa baba yangu." Mtume hakumlazimisha. Lakini mjukuu, aliyekuja kuwa mwanachuoni mkubwa wa Madina, alisema ugumu haukuacha kuwa nao baada ya hapo. Bukhari ameipokea. Hapo yamo mambo mawili: kwamba jina jema linatakiwa, na kwamba heshima kwa baba si sababu ya kuking'ang'ania kigumu pale unapopewa chepesi.

Kuhusu kukimbia kadari, Umar, khalifa wa pili, alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza, "Unaikimbia kadari ya Allah?" Akajibu, "Naam, tunaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah." Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia na bonde la pande mbili, moja lina majani na jingine kame. Akilisha penye majani ni kwa kadari ya Allah, akilisha pakame ni kwa kadari ya Allah. Basi ukilibadili jina la mwanao, kubadili huko nako kumeandikwa.

Sasa hapa unisikilize kwa makini, na mama yako wa Tukuyu umfikishie kwa upole. Ukilibadili kwa kuamini kwamba jina ndilo lililoleta nimonia, umeingia kwenye kuamini mikosi, na Mtume ameikataza. Alichokipenda ni neno jema, linalomfanya mtu amtarajie Mola wake kheri. Siku ya Hudaybiya, Makuraishi walipomtuma Suhayl bin Amr, alilifurahia jina lile, maana nalo ni la wepesi kama Sahl, na kusema jambo limekuwa jepesi. Kutarajia kheri kunaruhusiwa, kuogopa herufi hakuruhusiwi.

Nimonia ina sababu zake. Mke wangu ni nesi, naye anauliza: jiko la mkaa mnaliingiza chumbani anamolala? Kama ndiyo, litoeni leo hii, moshi na hewa ile vinamuumiza mapafu, na usiku vinaweza kuua nyumba nzima. Na chanjo ya nimonia, ile ya wiki ya 6, 10 na 14, alimaliza zote? Angalia kwenye kadi.

Shida_Mafinga:
Naomba niseme kama mwenye jina. Mimi ndiye Shida, na nimeitwa hivyo kwa sababu mama yangu alifariki akinizaa. Sikuumwa kuliko watoto wenzangu, na nimepata mume mwema na kazi. Kwa hiyo anayesema jina linaleta maradhi, mimi ni ushahidi kwamba sivyo.

Ila nakuomba, mbadilishie. Shuleni mwalimu akiita mahudhurio, kila asubuhi nilikuwa naambiwa upya kwamba nilikuja na msiba. Nimekua nikijiona nina deni kwa baba na kwa dada zangu, nikifua nguo zao bila kutumwa. Babu hakunitakia baya, alikuwa na uchungu wake akauweka kwa mtoto. Mwanao ni mdogo, hatakumbuka kama aliwahi kuitwa vingine.

MamaUyole:
Nimesoma nikalia, dada Shida. Allah akulipe.

Maalim, jiko tulikuwa tunaliingiza, sikukuficha. Limetoka jana ile ile. Chanjo ya wiki ya 14 hakupata, tulikuwa Kyela. Mume wangu amekubali kushuka kwa mzee na kisa cha Hazn. Cheti cha kuzaliwa hatujachukua bado, kadi ya kliniki tu ndiyo ina Mashaka. Mawili ya mwisho: Lusajo linafaa kwa Mwislamu? Na je, tuchinje akika nyingine?

Maalim_Sokomatola:
Akika hairudiwi, ile ya siku ya saba imetosha.

Lusajo linafaa. Jina si lazima liwe la Kiarabu, linatakiwa lisiwe na shirki wala maana mbaya, na baraka ni maana njema. Majina anayoyapenda zaidi Allah ni Abdullah na Abdurrahman, hilo limo kwa Muslim. Ila mumeo asiende kwa mzee na jina mkononi. Amwombe yeye achague jipya, maana ndiye aliyetoa la kwanza, na bibi wa Tukuyu aendelee kumwita Lusajo akimbeba. Mtoto anaweza kuwa na yote mawili.

Cheti chukueni mkishakubaliana. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 kinatolewa kituo cha afya au ofisi ya kata, na mpango huo ulianza hapa Mbeya mwaka 2013, watendaji wameuzoea. Chanjo iliyobaki ulizia kliniki Jumatatu, usisubiri mumeo arudi.